Matatu Iliyonyamaza

Asubuhi ya tarehe 23 Machi 2022 mdogo wangu aliwasha kompyuta ya pembeni pale saiba, duka la intaneti ninapofanyia kazi, akavaa visikizio, akaingia kwenye gemu yake, kisha akavivua na kuniambia, "Wimbo umeenda."

Nilidhani ni visikizio. Nikavichomeka kwenye kompyuta yangu, vikalia vizuri. Nikafungua gemu mwenyewe. Matatu ilikuwa stendi kama kawaida, honi ikapigwa, makanga akaita, "Mamboleo mmoja, Mamboleo mmoja wa haraka!" Mlango ukafungwa, gari likaondoka, na baada ya hapo hakukuwa na kitu. Lilipita soko la Kibuye kimya. Likapanda daraja la juu la Kondele kimya. Yeyote aliyewahi kupanda matatu Kisumu anajua kwamba gari la namna hiyo halipo.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili katika saiba hiyo ya Kondele. Mdogo wangu alikuwa amemaliza KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, tarehe 9, matokeo hayajatoka, na kalenda ya shule ilikuwa imevurugwa na korona hivi kwamba watoto wa nchi nzima walikuwa nyumbani hadi mwisho wa Aprili. Mwenye saiba alimkubalia akae kwenye ile kompyuta ambayo wateja waliikwepa kwa sababu kibodi yake ilikosa herufi mbili, mradi afagie na awapokee watu nikiwa kwenye fotokopi. Hapo ndipo alipoijenga hiyo gemu, kwenye Roblox, jukwaa moja kubwa la Marekani ambapo mtoto hachezi tu gemu za wengine bali hutengeneza zake. Alijifundisha Lua, lugha ya kuandikia programu, kwa kutazama video. Alijenga barabara kutoka stendi kuu hadi Mamboleo, akaweka mama mboga wa Kibuye mmoja mmoja, hata miavuli yao akaipaka rangi tofauti. Nimeona wanafunzi wa chuo wakilipia kazi ambayo haifiki nusu ya hiyo.

Wimbo niliuleta mimi. Ni benga, muziki wa gitaa wa kwetu Waluo, gitaa la baba mdogo wetu, ndugu ya marehemu baba, kutoka kaseti iliyokuwa ndani ya sanduku la mama. Niliicheza kwenye redio ya zamani, nikaivuta kwa waya hadi kompyuta. Zamani kupakia wimbo mrefu kwenye jukwaa hilo kuligharimu sarafu zao 350, na sisi hatukuwa na kadi ya kununulia sarafu hizo. Kwa hiyo nilimpata kijana mmoja wa Nakuru mtandaoni, nikamtumia pesa kwa M-Pesa, akaupakia kwa akaunti yake na kunirudishia namba. Ndivyo ilivyokuwa: kila sauti ilikuwa na namba yake, na ukishaijua unaiandika kwenye gemu yako, sauti inalia, awe aliyeipakia ni wewe au ni mtu wa Brazili. Watoto walibadilishana namba hizo kama walivyobadilishana picha za wachezaji wa mpira. Kulikuwa hata na redio za kubeba begani ndani ya gemu. Unaandika namba, kila aliye karibu anausikia wimbo wako.

Usiku ule mlango huo ulifungwa. Kila sauti iliyozidi sekunde 6 ilifanywa ya faragha: ni aliyeipakia tu angeweza kuitumia, kwenye gemu zake mwenyewe. Zilizo fupi ziliachwa. Ndiyo maana honi ilibaki, na ile sauti ya makanga, niliyoirekodi mwenyewe nje ya mlango wa saiba, ilibaki pia kwa sababu ilikuwa ya sekunde 4. Wimbo wetu wa dakika 5 ulikuwa bado uko huko kwenye mitambo yao. Mwenye wimbo machoni mwa jukwaa alikuwa kijana wa Nakuru.

Nilimpigia. Mteja wa nambari hiyo hapatikani. Nikapiga tena jioni, na kesho yake, na kesho kutwa. Ujumbe niliomwandikia haukusomwa. Hakuwa tapeli, alifanya kazi niliyomlipa. Alikuwa tu mtu aliyeachana na gemu na kuendelea na maisha yake. Lakini ndani ya hiyo akaunti aliyoiacha kulikuwa na gitaa la baba mdogo wangu, na hakuna ofisi ambayo ningeweza kwenda kubisha hodi. Nilifungua gemu nyingine kadhaa zilizopendwa na watoto wa pale saiba. Nyingi zilikuwa bubu vilevile. Waliozijenga miaka iliyopita walikuwa wameshaondoka, na asiyekuwepo hawezi kurudisha wimbo. Kwa hilo naliona jukwaa hilo lilikosea, na sijabadilisha mawazo: notisi ya siku chache haitoshi kwa kazi za watoto zilizojengwa miaka na miaka.

Sababu yao niliielewa nilipoanza kusoma. Juni 2021 wachapishaji wa muziki wa Marekani waliishtaki kampuni hiyo wakidai fidia isiyopungua dola milioni 200, kwa kuwa nyimbo za wateja wao zilikuwa zikipakiwa na kuchezwa bila malipo. Kesi ikaisha kwa makubaliano Septemba mwaka huohuo. Baada ya miezi 6 tukanyamazishwa. Badala yake waliweka maktaba ya nyimbo na sauti zaidi ya 100,000 zenye leseni, za bure kwa kila mjenzi. Mdogo wangu alizisikiliza siku nzima. Zilikuwa safi, na hakuna hata moja ambayo ungeisikia kwenye gari la Mamboleo.

"Si uupakie tena tu?" akaniuliza. "Kwa akaunti yangu. Sasa ni bure."

Kweli, ilikuwa bure: sauti 10 kwa mwezi. Tukafungua ukurasa wa kupakia pamoja. Pale chini paliandikwa kwamba anayepakia awe na haki ya sauti hiyo au ruhusa ya mwenye haki, na kwamba akaunti inayovunja sharti hilo inaweza kufungwa. Akanitazama. Mimi niliyempa kaseti ndiye niliyepaswa kujibu, na jibu sikuwa nalo. Sikuwahi kumwambia Baba Mdogo kitu chochote.

Jumapili ya tarehe 27 tulipanda gari la Ahero. Anaishi nje kidogo ya mji, upande wa mashamba ya mpunga, na tulimkuta akikarabati mfereji, yangeyange wakimzunguka. Alinawa miguu, akatukaribisha chini ya mwembe, akamtuma mtoto alete chai. Nilimwonyesha gemu kwenye simu, video niliyoirekodi kabla wimbo haujafungwa. Aliishika simu kwa mikono miwili. Gari likaondoka, gitaa likaingia, na nikamwona kidole chake cha shahada kikitembea kwenye ubavu wa simu, kikifuata nyuzi.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Watu wangapi wamepanda hii?"

Mdogo wangu akamwambia gemu ilikuwa imefunguliwa zaidi ya mara 4,000.

"Elfu nne." Akanyamaza kidogo. "Na walijua ni nani anapiga?"

"Hapana, Baba Mdogo."

"Huu wimbo mliutoa wapi?"

"Kwenye kaseti ya mama," nikasema.

"Ile kaseti niliinunua mimi, nyathina, mwanangu."

Ndipo akatusimulia, na ninaandika haya hasa kwa ajili ya sehemu hii, kwa sababu katika maisha yangu yote nilijua tu kwamba "alikuwa mwanamuziki." Mwanzoni mwa miaka ya themanini yeye na wenzake watatu walipanda gari moshi la usiku kwenda Nairobi. Walirekodi nyimbo mbili alasiri moja. Kabla ya kutoka wakatia sahihi karatasi, wakapewa nauli na pesa kidogo ya chakula, na santuri chache za kwenda kuwaonyesha watu nyumbani. Nakala ya karatasi hawakupewa. Aliporudi Kisumu, hata miezi haijapita, akausikia wimbo wake unatoka kwenye kibanda kimoja karibu na stendi. Akaenda. Mwenye kibanda alikuwa na redio mbili zimeunganishwa kwa waya, anarudufu kaseti moja baada ya nyingine, jalada limeandikwa kwa kalamu. Baba Mdogo akajitambulisha. Mtu yule akamwambia kwa adabu kabisa, nenda kwa aliyekurekodi. Yule wa Nairobi naye, siku alipopata nauli ya kumfikia, akamwambia santuri haziuzi kwa sababu ya watu wa kaseti.

"Kwa hiyo nikanunua moja," akasema. "Nikampa baba yako. Ndiyo hiyo."

Niliposikia hivyo chai ilinishinda. Kaseti niliyoivuta kwa waya kule saiba ilikuwa yenyewe imevutwa kwa waya kwenye kibanda. Na mimi nilimlipa mtu wa Nakuru. Nilimlipa mtu wa Nakuru kupakia wimbo wa baba yangu mdogo, na aliyeupiga sikumpigia hata simu, ilhali namba yake ninayo.

Nilimweleza habari ya kesi ya Marekani na kwa nini nyimbo zilifungwa. Nilitarajia atakasirika pamoja nasi.

"Hao walifanya vizuri," akasema. "Kwetu hakuna aliyefunga."

"Lakini wamefunga hata wako," mdogo wangu akamwambia.

"Wangu? Wamefunga wa yule mwenye karatasi."

Hapo nilimweleza nililolisoma. Katika Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi una haki yake na rekodi ina haki yake. Utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi nayo miaka 50 tangu irekodiwe. Kwa hiyo huenda wimbo, maneno na sauti zake, bado ulikuwa wake hata kama ukanda ulikuwa wa mwingine. Alisikiliza kwa makini sana. Akauliza kama karatasi ile ilichukua vyote viwili. Bila nakala hakuna aliyeweza kumjibu, na niliona lile swali likimkaa usoni: karibu miaka 40, hajui alichokiuza.

Aliingia ndani akatoka na gitaa. La kawaida, la mbao, nyuzi mbili mpya na nne za zamani. "Ule wa kaseti muuache," akasema. "Nitawapigia mwingine. Huu niliutunga nikiwa shambani, haujawahi kuingia Nairobi. Huu hauna karatasi."

Watu husema benga ni muziki wa gitaa, lakini ukikaa karibu na mzee wa huku Kano akipiga, unaisikia nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ndani yake: kidole gumba kinashika mwendo chini, vidole vingine vinakatiza juu, sauti zinafukuzana bila kugongana. Alijifunza hivyo, akiwa mtoto, kwa kukaa miguuni pa wapiga nyatiti matangani. Niliweka simu juu ya kigoda. Mara ya kwanza pikipiki ikapita. Mara ya pili alikosea, akatikisa kichwa, akaanza upya kabla sijasema kitu. Mara ya tatu alifumba macho na kuanza kuimba kwa sauti ya chini, na alipofika pale ambapo maneno huisha na gitaa kubaki peke yake, mdogo wangu alinishika mkono wa shati na hakuuachia hadi mwisho.

Kabla ya kuondoka tuliandika kwenye daftari, mistari minne: kwamba wimbo ni wake, kwamba ameuruhusu utumike kwenye gemu hiyo, kwamba jina lake litaonekana, kwamba ikipatikana shilingi yoyote atapewa yake. Alitia sahihi, nikatia sahihi, tukanakili mara mbili na yeye akabaki na yake. Nikampa shilingi 500 niliyokuwa nayo. Nilikuwa tayari kubembeleza. Aliipokea, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na ile karatasi, akafunga kifungo.

Tuliupakia usiku huohuo. Ukaguzi wao ulichukua muda, na Jumatatu ya tarehe 28, siku ambayo matokeo ya KCPE yalitangazwa, mdogo wangu alifika saiba akaenda kwanza kwenye kompyuta ya pembeni kabla ya kuniomba simu atume SMS ya kuulizia matokeo yake. Sauti ilikuwa imekubaliwa. Akaandika namba yake kwenye gemu. Kisha akachukua karibu saa nzima kuandika jina la Baba Mdogo kwenye kioo cha nyuma cha matatu, kwa herufi za manjano zenye kivuli chekundu, mpaka mteja mmoja akasimama nyuma yake kutazama.

Tulipoiendesha mara ya kwanza, honi ikalia, makanga akaita, mlango ukafungwa, gitaa likaingia. Mahali fulani baada ya Kibuye, katikati ya wimbo, jogoo wa Ahero anawika. Nilimuuliza mdogo wangu kama nimkate. Akasema hapana, hapo ndipo gari linapoanza kupanda.