Angalieni saa

Asubuhi ile ami yangu katoka msikitini mzima kabisa, karudi kakaa barazani na chai yake, mara kikombe kikamtoka mkononi. Mkewe akaona kimeteleza tu, akainama kuokota vigae, alipoinua macho ndo kaona mdomo umekwenda upande na kila akimwita anajibu maneno hayashikiki.

Basi hapo ikawa kapigwa na upepo. Akaitwa mtu kuja kumsomea, likaandikwa kombe, yaani aya za zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, akanyweshwa, na mie nilikuwepo nimeona nusu linamtoka pembeni mwa mdomo na nusu linampalia. Jamani dua siipingi, namuombea mpaka leo, lakini kile kilikuwa kiharusi, na mtu mwenye kiharusi anaweza akawa hamezi vizuri, kitu kikaingia mapafuni, kwa hivyo asipewe chochote mdomoni, hata maji hata panadoli. Asomewe humo humo garini!

Tumefika hospitali saa saba mchana. Suala la mwanzo la daktari: mara ya mwisho kaonekana mzima saa ngapi? Tukabaki kutazamana. Huyu anasema saa moja, yule saa tatu, mama mkubwa analia tu.

Kumbe saa ndo kila kitu. Viharusi vingi ni damu imeganda imeziba mshipa wa ubongo, na ipo sindano ya kuyeyusha lile bonge lakini kawaida inachomwa ndani ya saa nne na nusu tokea dalili kuanza, na ikiwahi zaidi ndo bora, tena mpaka apigwe CT scan kwanza, ile picha ya ndani ya kichwa, maana vyengine ni mshipa umepasuka na huyo ukimchoma unamzidishia kuvuja. Kule Helsinki, Ufini, mwaka 1998 kutoka mlangoni mwa hospitali mpaka sindano ilikuwa kama dakika 105, kufika 2011 ikawa 20, kwa sababu gari ya wagonjwa inapiga simu kabla na machela inapitiliza moja kwa moja mpaka kwenye CT. Sisi huo mlango wenyewe tumeufikia muda ushapita, tumeumalizia barazani kwetu.

Ami sasa anatembea kwa mkongojo, mkono wa kulia bado. Mama mkubwa kaandika kwa mkaa nyuma ya mlango namba za jirani mwenye gari, kubwa kubwa, na saa ya ukutani kaitia betri mpya.