Mavi ya Sungura Juu ya Lava

Lava, yaani mawe yaliyoyeyuka ya volkano Nyiragongo, ilipopoa baada ya mlipuko wa Januari 2002, Baba alijenga tena palepale Birere, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, nyumba ya mbao juu ya mawe meusi. Watu husifu udongo wa volkano, na ule wa Rutshuru, kaskazini mwa Goma, unastahili sifa zote. Lakini jiwe lililomwagika juzi bado si udongo. Lina fosforasi na potasiamu, vyakula vya mimea. Nitrojeni, inayokuza majani, ndiyo karibu haimo kabisa, maana hiyo hutoka hewani na kwa kawaida viumbe hai ndivyo huishusha. Lengalenga (mchicha) za Mama, alizozipanda kwenye nyufa kwa udongo ulioletwa na chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, zilitoka nyembamba, majani ya njano.

Miaka michache baadaye Mjomba, mwalimu wa biolojia huko Bukavu, alishuka kwenye boti na kumkuta Mama akifagia kibanda cha sungura, beseni la mavi likisubiri kwenda jalalani.

"Dada, unatupa mali hivi hivi?"

Akaokota punje moja, akaivunja mbele ya pua yangu. Ndani zilikuwa nyuzi za majani, kavu, hazinuki. Mama akamwambia mkono huo usisogelee bugali wake.

Basi akatupeleka nyuma ya nyumba, akakwangua kwa ukucha likeni ya kijivu, kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, iliyoanza kushika jiwe, akaanza habari za konokono wa jangwa la Negev, kule Israeli. Likeni za huko zimejificha ndani ya jiwe la chokaa, kwa hiyo konokono hulisaga jiwe lenyewe ili azipate. Hutoka kula umande unapolowesha mawe, kisha hurudi chini yake kupumzika, na huko huacha kinyesi. Watafiti wawili, Clive Jones na Moshe Shachak, walipima kazi hiyo na kuiandika mwaka 1990 katika jarida la Nature: takriban 11% ya nitrojeni inayoingia katika udongo ule hupitia matumboni mwa konokono.

Kwa mita moja ya mraba, hiyo ni miligramu 22 hadi 27 kwa mwaka. Nilivunjika moyo, mimi nilitarajia magunia! Mjomba akacheka: "Mwanangu, kule hata hicho kidogo ni mali."

Sisi tulikuwa na beseni zima, na mvua juu. Jangwani kinyesi hukaa kikavu muda mrefu kwa sababu vijidudu vya kukiozesha vinahitaji maji. Goma shida ni kinyume: maji hupenya lava upesi na kuondoka na rutuba. Tulichanganya mavi na udongo, tukashindilia kwenye nyufa, tukafunika kwa nyasi ili jua lisirudishe nitrojeni hewani.

Lengalenga zilizofuata zilikuwa pana, za kijani kizito. Jirani alipokuja kuomba mavi, Mama alimuuliza kwanza kama amekuja na majani ya sungura.