Jioni ya Kwanza Chini ya Wingu la Dodge City

Juzi mwanangu alikuta picha ya zamani kwenye kompyuta, akaniuliza: "Baba, mbona mlikuwa mnakifuata badala ya kukikimbia?" Picha hiyo ni ya Mei 24, 2016. Ina shamba la ngano, ua wa seng'enge, na nyuma yake kimbunga kilichosimama kati ya wingu na ardhi. Nilimjibu kwa maneno machache kwa kuwa ilikuwa saa ya kulala, lakini tangu hapo nimekuwa nikiirudia siku ile kichwani.

Jinsi nilivyofika Wichita, mji wa jimbo la Kansas huko Marekani, ni hadithi nyingine, tuiache. Mimi ni mtoto wa Bukoba, ambako ngurumo hutoka ziwani alfajiri na mvua huwakuta watu bado kitandani, kwa hiyo kupenda kutazama mawingu sikufundishwa na Marekani. Nilichofundishwa huko ni kuyasoma. Mwenzangu wa Kericho, aliyekulia katika mashamba ya chai ambako mvua ya mawe huharibu mavuno, ndiye aliyenipeleka kwenye darasa la bure la waangalizi wa dhoruba, linaloendeshwa na wataalamu wa idara ya hali ya hewa. Hapo nilielewa kwamba hewa yenye unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Meksiko ikakutana na hewa kavu ya magharibi, na kwamba upepo wa juu ukitofautiana na wa chini kwa kasi na mwelekeo, wingu zima huweza kuanza kuzunguka.

Siku ile tulitoka mchana kuelekea magharibi, tukapita Pratt, kisha Greensburg, mji ambao usiku wa Mei 4, 2007, kimbunga cha daraja la EF5, la juu kabisa, kiliufagia karibu wote. Majengo yalikuwa mapya barabara nzima. Hatukusimama, wala hatukusemezana mpaka tulipouacha nyuma.

Karibu saa kumi na mbili jioni tulikuwa kusini mwa Dodge City, kwenye barabara ya vumbi, wingu likiwa magharibi yetu. Mwenzangu aligeuza gari lielekee kusini, akaacha injini ikiunguruma. "Ndugu yangu, kwanza njia ya kutokea, picha baadaye," alisema. Nilishuka. Upepo ulinipiga mgongoni, wa joto na wenye unyevu, ukielekea kwenye wingu, nami nikaona masuke ya ngano yameinama yote upande huo, shamba zima, bila hata suke moja kurudi nyuma. Hapo ndipo nilipofahamu kwa mwili wangu kile nilichokiandika darasani: dhoruba ile ilikuwa inavuta pumzi, nasi tulikuwa tumesimama ndani ya pumzi hiyo. Chini ya wingu, kipande kilichoning'inia kilikuwa kikizunguka polepole, na vijipande vya ukungu vilipanda ubavuni mwake kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwenye wingu lolote. Kisha ukashuka mkonga mwembamba, na kabla haujafika chini, vumbi likaanza kuzunguka shambani mahali ambapo macho hayakuona kitu kikigusa. Muda si mrefu vikawa viwili, vimesimama kwa pamoja, kimoja kinene na cheusi, kingine chembamba na cheupe. Nilitarajia mngurumo, lakini kwa umbali ule nilisikia ngano tu ikivuma na mwenzangu akitoa taarifa kwa simu, akitaja barabara na mwelekeo kwa sauti tulivu.

Ndipo mzee mmoja mkulima akasimamisha pikapu kando yetu, akauliza vinaelekea wapi. Mwenzangu alimwonyesha rada kwenye simu: kaskazini. Mzee alitazama, akasema nyumba yake iko kusini, ila ya mdogo wake iko kaskazini. Akaondoka simu ikiwa sikioni. Nami, Mungu ni shahidi, nilikuwa na furaha kubwa kifuani, na furaha hiyo haikutoka alipoondoka. Ilikaa humo pamoja na hofu juu ya watu wa nyumba nisiyoijua.

Tuliifuata dhoruba kwa mbali hadi giza lilipoingia, kisha tukaacha, kwa sababu usiku kimbunga hakionekani mpaka umeme umulike. Kilichoipata nyumba ile sikuwahi kukijua. Mei ikifika bado hufungua ramani za Kituo cha Utabiri wa Dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, na siku ya hatari ikiangukia karibu nasi, hujaza mafuta. Hutoa taarifa kwanza, kamera hufuata. Labda hilo linatosha kuihalalisha furaha ile; kuna miaka ninayoamini hivyo, na kuna miaka ambayo nikipita Greensburg sina hakika.