Roboti akikosea, mwalimu nyamaza

Mwaka wangu wa kwanza wa kuingiza roboti kwenye chekechea nilichemka vibaya sana. Nilikuwa nasimama mbele, bonyeza hapa, bonyeza na hapa, haya kafika, pigeni makofi! Watoto wanapiga, wanarudi kukaa, walichojifunza ni kwamba mwalimu anajua kubonyeza, basi.

Ninayotumia ni Bee-Bot, yule nyuki wa plastiki mwenye vitufe mgongoni: mbele, nyuma, geuka kulia, geuka kushoto, kufuta amri zilizotangulia, na kile cha kijani cha kuanza. Hana skrini. Kila hatua yake ni sentimita 15 kwa hiyo nachora miraba ya ukubwa huohuo sakafuni kwa chaki, naweka picha, kazi imeanza. (Mimi nasema roboti "imegoma", watoto wanasema "amegoma", nimewasahihisha mpaka nimechoka na sasa nasema kama wao.)

Sasa kuna binti mmoja wa miaka mitano, picha ya ua aliyotakiwa kumfikishia nyuki ilikuwa mraba wa pili mbele halafu mmoja kulia. Akabonyeza mbele, mbele, kulia. Nyuki akaenda miraba miwili, akageuka, akasimama. Binti akakunja uso, akaongeza kulia nyingine bila kufuta zile za mwanzo, na Bee-Bot usipofuta anazikumbuka zote, kwa hiyo nyuki akaanza upya palepale alipo, akalikanyaga ua, akapitiliza hadi kugonga mguu wa meza. Ulimi uliniwasha jamani! Nikanyamaza. Mwenzake akainuka akasimama kwenye miraba akajifanya nyuki, mbele, mbele, kulia, akageuza mwili wake, akatazama miguu, "mbona bado niko hapahapa?" Hapo ndipo wakashtuka kwamba kugeuka siyo kusogea. Ningesema mimi wangesahau kabla ya kengele.

Na hii ya kutumia mwili wala siyo mpya. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alishirikiana na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon kutengeneza Logo, lugha ya watoto ya kuipa kompyuta amri, mwaka 1967, ambayo baadaye ikaja kuendesha roboti wa kuchora aitwaye kobe, na mtoto akikwama anaambiwa hebu tembea wewe kama kobe uone. Ndiyo maana siku hizi naanza bila roboti kabisa, mtoto mmoja anakuwa roboti mwingine anatoa amri, na roboti haruhusiwi kutumia akili. Akiambiwa mbele na kuna ukuta, anaenda kwenye ukuta (polepole lakini!).

Wakubwa kidogo, darasa la tano hivi, nawapeleka Scratch, programu ya kompyuta ambayo mtoto anapanga vipande vya amri, na kuwaambia wachore pembetatu yenye pande sawa. Karibu wote wanaandika geuka digrii 60 kwa sababu ndivyo daftari la hesabu linavyosema, kinatokea kitu kama bakuli lililolala ubavu. Wanabishana weee, mpaka mmoja anatembea mwenyewe na kugundua kwamba kinachogeuka ni pembe ya nje, yaani 120. Kipindi kizima kimeisha kwa pembetatu moja na sijutii hata kidogo.

Kinachonikera ni roboti kufungiwa kabatini zisiharibike mpaka waje wageni. Na makundi ya watoto sita kwa nyuki mmoja, mmoja anashika wengine wanashangaa, na mshikaji ni yuleyule kila siku. Kwangu kundi ni watoto watatu, wa kupanga kadi za mishale, wa kubonyeza, wa kukagua, na wanabadilishana. Wa kubonyeza haruhusiwi kugusa kabla kadi hazijapangwa.

Yule binti, kesho yake nikawa naonyesha kundi jingine, nikabonyeza nyuki akaenda kusikoeleweka. Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Mwalimu, hujafuta."