Programu ya Muziki Ikitelekezwa, Wimbo Uliomo Ndani Unautoaje?

Nyota za duka la programu hazikuambii kitu. Programu ya kutengenezea muziki inaweza kuwa na nyota nne na nusu ilhali mwenyewe, yaani msanidi aliyeiunda, aliondoka zamani. Nyota hizo zilitolewa na watu wa wakati ule, kwa simu za wakati ule. Teremka hadi kwenye historia ya matoleo uangalie tarehe. Kisha soma maoni mapya tu, hasa ya baada ya Septemba, mwezi ambao Apple kwa kawaida hutoa toleo jipya la iOS, mfumo wa iPhone. Ukiona watu watano wanalalamikia jambo lilelile, mfano sauti kukwaruza au mradi kukataa kufunguka, na kwa miezi hakuna aliyejibiwa, jua programu hiyo haina mwenyewe. Barua pepe ya msaada ikirudi bila kumfikia mtu, na anwani ya tovuti ikiwa inauzwa, usisubiri ushahidi mwingine.

Mpiga picha akipoteza programu ya kuhariri, picha zake bado anazo. Mwanamuziki hana bahati hiyo. Faili ya mradi si sauti. Ni maelezo: noti hii ipigwe hapa, kichujio kifunguke kiasi hiki, sampuli ile (kipande cha sauti kilichorekodiwa) ianzie pale. Anayeweza kuyasoma maelezo hayo na kuyageuza kuwa sauti ni programu ileile iliyoyaandika. Ndiyo maana hasira ya wanamuziki juu ya jambo hili ni ya haki kabisa, hata kama pesa iliyolipwa ilikuwa dola tano. Dola tano ni bei ya programu. Nyimbo za miaka minne zilizofungiwa ndani yake hazina bei hiyo.

Pigo kubwa lililojulikana na wengi lilikuja Septemba 2017. iOS 11 ilikataa kufungua programu yoyote ya biti 32, yaani iliyoandikwa kwa vichakato vya kizazi cha zamani (biti za kompyuta, si zile za studio). Apple ilikuwa imeshatoa simu ya kwanza ya biti 64, iPhone 5s, mwaka 2013, na tangu 2015 ilidai programu mpya ziwe za biti 64. Msanidi aliyekuwa kazini alipata muda wa kutosha. Aliyekuwa ameondoka hakugusa kitu, na sintesaiza zake (ala za kielektroniki zinazounda sauti), mashine zake za ngoma na miradi yote ya watu vikanyamaza usiku ambao mwenye simu alibonyeza "sasisha". Kurudi nyuma kuliwezekana kwa muda mfupi tu, kwa sababu Apple huacha kuidhinisha toleo la zamani muda mfupi baada ya jipya kutoka.

Vifo vingine ni vya polepole. Inter-App Audio, njia ya kupitisha sauti kutoka programu moja hadi nyingine, ilikuja na iOS 7 mwaka 2013. Mwaka 2015 ikaja AUv3, ambayo ni plagini kamili, yaani programu ndogo inayofunguka ndani ya programu mama, na mwaka 2019, kwenye iOS 13, Apple ikatangaza kwamba Inter-App Audio haitaendelezwa tena. Programu iliyobaki kwenye njia ya zamani inafunguka vizuri ukiiwasha peke yake, lakini ukiiunganisha na nyingine inakatika, inachelewa, au haionekani kabisa kwenye orodha. Kosa lingine linalowachanganya wengi ni la kasi ya sampuli, yaani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde. Programu za zamani ziliandikwa kana kwamba simu zote zinaendesha sauti kwa 44.1 kHz. Tangu iPhone 6s, spika ya ndani inaendeshwa kwa 48 kHz. Programu isiyouliza kasi hiyo huishia kukwaruza, au wimbo wote unapanda kwa karibu nusu-toni moja na nusu na mwendo unaongezeka kwa asilimia 9 hivi. Ukikuta mradi wa zamani umepanda kiasi hicho hasa, gitaa lako halina kosa. Jaribu kuchomeka kifaa cha sauti cha nje kilichowekwa 44.1 kHz, mara nyingi wimbo unarudi mahali pake.

Kwenye Android, ambako ndiko walipo maprodyuza wengi wa simu Afrika Mashariki, mambo yana sura nyingine. Tangu Agosti 2019 Google Play ilidai programu ziwe na toleo la biti 64, na simu ya Google ya Pixel 7 ya mwaka 2022 haiendeshi kabisa zile za biti 32 pekee. Android 14 nayo inakataa kusakinisha programu iliyoandikwa kulenga Android 5.1 au chini ya hapo. Lakini kinachoumiza watu zaidi ni mabadiliko ya folda yaliyoanza na Android 10 na kukazwa kwenye Android 11. Programu nyingi siku hizi huweka miradi ndani ya Android/data, kwenye folda yenye jina lao. Folda hiyo hufutwa pamoja na programu. Mtu anaona programu inagoma, anaiondoa ili aisakinishe upya, na kwa kidole kimoja amefuta miradi yake yote. Kabla hujaondoa chochote, unganisha simu na kompyuta kwa kebo ya USB, fungua Android/data, nakili folda nzima. Vidhibiti vingi vya faili ndani ya simu yenyewe haviruhusiwi tena kuingia humo.

Tuseme ukweli kuhusu wasanidi pia. Wengi wao ni mtu mmoja mwenye kazi nyingine ya mchana. Apple inadai dola 99 kila mwaka ili programu ibaki dukani, na inakata asilimia 30 ya kila mauzo, au 15 kwa wadogo tangu Januari 2021. Programu ya dola 10 inamwachia dola 8.50 kwa mnunuzi mmoja, mara moja tu, kisha anadaiwa marekebisho kila Septemba. Anahitaji wanunuzi wapya 12 kwa mwaka kulipia ada peke yake, kabla ya kununua simu mpya za kujaribia. Duka la Apple halina njia ya moja kwa moja ya kumtoza mteja wa zamani bei nafuu kwa toleo jipya, kama inavyofanyika kwenye kompyuta. Ada isipolipwa, programu inatoweka dukani. Na wakati mwingine anayeondoka ananunuliwa na mkubwa: kampuni ya Camel Audio ilifungwa mwanzoni mwa 2015, sintesaiza yao Alchemy ikaibuka ndani ya Logic Pro X ya Apple mwaka huohuo, na Alchemy ya simu ikabaki bila mwendelezo.

Kwa hiyo kuondoka si dhambi. Dhambi ni kuondoka kimyakimya na funguo mfukoni. Msanidi anayeacha kazi ana uwezo wa kutoa toleo la mwisho lenye mambo matatu: kutoa kila traki kama WAV (faili ya sauti isiyobanwa), kutoa MIDI (orodha ya noti bila sauti), na kuondoa ukaguzi wa leseni unaotegemea seva. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Programu inayouliza seva kila ikifunguka itajifunga siku seva ikizimwa, hata kama simu yako haijabadilika hata kidogo. Kipimo chake ni rahisi: weka simu hali ya ndegeni, uizime na kuiwasha, ufungue programu. Ikidai intaneti, usiweke humo kazi ya maana bila nakala ya nje.

Sasa kazi yenyewe ya kuokoa wimbo. Ifanye wakati programu bado inafunguka, si siku ya sasisho.

Anza kwa kunakili mradi, ufanyie kazi nakala. Kwenye masta, mahali traki zote zinapokutana, zima kompresa na limita, yaani vifaa vinavyobana kilele cha sauti. Sababu yake ni kwamba kompresa ya masta huitikia wimbo mzima. Ukitoa kiki peke yake inaitikia kiki tu, na ukizijumlisha traki zote mwishoni hupati mixi uliyoijua. Kisha toa kila traki kuanzia sifuri ya wimbo, hata kama ala inaingia dakika ya pili. Ule ukimya wa mwanzo ndio utakaozipanga traki kwingine bila kubahatisha. Mwishoni ongeza baa mbili hadi nne tupu, maana programu nyingi hukata hapohapo baa inapoisha na kuzima mwangwi katikati.

Tumia WAV ya biti 24, kwa kasi ileile ya mradi. MP3 haifai hapa hata kidogo: huongeza ukimya mdogo mwanzoni mwa faili, na lupu zako hazitakaa sawa tena. Nafasi inahesabika. Stereo ya biti 24 kwa 48 kHz ni MB 17.3 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nne wenye traki 12 ni karibu MB 830. Kama programu haiwezi kutoa zote kwa pamoja, bonyeza solo (traki moja isikike peke yake) moja baada ya nyingine, mara 12. Inachosha, lakini inafanyika jioni moja.

Traki zenye mwangwi au ucheleweshaji zitoe mara mbili, kavu na yenye efekti. Efekti ambayo ndiyo sauti yenyewe, kama upotoshaji wa besi, iache. Ukimaliza, pakia traki zote (zile zenye efekti, si nakala zake kavu) kwenye programu nyingine bila kugusa vitelezi, ulinganishe na mixi ya mwisho uliyoitoa huku kompresa na limita za masta zikiwa zimezimwa vilevile. Ukigeuza fazi ya mixi hiyo, yaani kupindua mawimbi yake juu chini, ukaicheza pamoja na traki na kila kitu kikanyamaza, hukuacha kitu nyuma. Sintesaiza ambazo mawimbi yake huanza popote hazitanyamaza kabisa, na hilo si kosa.

MIDI nayo itoe, lakini usiitegemee kwa zaidi ya noti. Haibebi sauti. Ngoma ndizo zinazovurugika zaidi: mpangilio wa kawaida huweka kiki noti ya 36, sneya 38, haihati iliyofungwa 42, ila programu kadhaa za simu zina mpangilio wao, na ukifungua kwingine kiki inageuka kengele. Noti ya 60 pia huitwa C3 na baadhi na C4 na wengine, kwa hiyo majina ya noti yakionekana oktava moja chini usishtuke. Kwenye faili ya maandishi andika tempo, ufunguo, na kama ulitunga kwa nusu ya mwendo. Kwa singeli hili ni la lazima: wimbo wa 220 mara nyingi huandikwa 110 kwa sababu programu nyingine hazipandi juu zaidi, na atakayefungua mradi baadaye hana namna ya kujua.

Ikiwa unachokipenda ni sauti ya sintesaiza yenyewe, ichukue sampuli. Rekodi noti moja kila baada ya nusu-toni tatu, kutoka C2 hadi C6. Hizo ni noti 17. Zipige kwa nguvu mbili, laini na kali, sekunde sita kila moja: rekodi 34, chini ya dakika tatu na nusu, karibu MB 59 kwa stereo. Ukizipanga kwenye sampla, programu inayopiga rekodi kama ala, kila rekodi inavutwa nusu-toni moja tu juu au chini, na sikio halilalamiki. Kichujio kinachotembea polepole hakitanaswa kwa sekunde sita. Kwa sauti za namna hiyo rekodi sekunde 20 na uridhike na noti chache.

Wapo wanaotunza iPad ya zamani kwa ajili ya programu moja. Ni njia nzuri ukijua mitego yake. Zima masasisho ya mfumo na ya programu. Zima pia ile mipangilio ya kuondoa programu zisizotumika ili kupata nafasi; inaacha data na kuondoa programu, na kama haipo tena dukani hairudi. Usijidanganye na nakala ya iCloud au ya kompyuta, kwa sababu haibebi programu zenyewe. Inaziita upya kutoka dukani. Kifaa kikikaa kabatini, kiache na chaji nusu na ukirudishe nusu kila miezi sita, la sivyo betri inakufa au inavimba.

Kwa Android, hifadhi mapema APK, yaani faili ya kusakinishia programu. Kwenye kompyuta yenye adb, zana ya Google ya kuamuru simu kwa kebo, amri "adb shell pm path" ikifuatwa na jina la kifurushi inaonyesha zilipo faili, na "adb pull" inazileta. Zikiwa kadhaa, chukua zote, uje kuzirudisha kwa "adb install-multiple". Kwa programu ya zamani inayokataliwa na Android 14, kuna "adb install --bypass-low-target-sdk-block". Iliyonunuliwa na yenye ukaguzi wa leseni bado inaweza kugoma, hivyo APK ni akiba ya pili baada ya WAV.

Ukinunua programu mpya, usianze na wimbo. Tengeneza baa nane: ngoma, besi, kinanda, sauti moja ya maikrofoni. Toa traki, toa MIDI, fungua kwenye programu nyingine, hakikisha zinapangana. Kwa dakika 15 utajua kama ina mlango wa kutokea. Kama haina, Google Play inapokea maombi ya kurudishiwa pesa ndani ya saa 48, na Apple ina ukurasa wa kuripoti tatizo la ununuzi. Omba siku hiyohiyo, na kwenye sababu andika wazi kwamba umerudisha kwa kukosa njia ya kutoa traki.