Hodi za Jikoni Kwetu

Usiku wa leo swali ni lile lile: kama kuna viumbe wenye akili kwenye nyota nyingine, mbona hakuna anayebisha hodi? Majibu ya mbwembwe hayakosekani: wamejificha, wameangamizana, hawakuwahi kuwepo. Naona tuanze na jibu la kawaida. Tumetafuta kidogo mno, na hicho kidogo kimejaa kelele zetu wenyewe.

Tazama kazi yenyewe. Darubini ya redio hulengwa kwenye nyota dakika 5, hugeuzwa kando dakika 5, hurudishwa, mpaka dakika 30 ziishe. Ishara ya kweli ionekane zile mara tatu za kulenga na ipotee zile tatu za kando. Ikibaki kotekote ni yetu: setilaiti, simu, ndege. Kisha huangaliwa upana: ishara imetapakaa kiasi gani kwenye masafa, yaani kasi ya mtetemo wa mawimbi, inayopimwa kwa hezi. Mawimbi ya asili hutapakaa kwenye mamia ya hezi na kuzidi, kwa hiyo chenye upana wa hezi chache kimeundwa na mtu, au na mwenzake. Mwisho, masafa yateleze polepole, maana Dunia inazunguka nasi huku mtoaji yuko nje yake. Yasiyoteleza kabisa, mtoaji wake huenda yuko hapa hapa ardhini.

Chujio zuri, lakini limewahi kupenywa. Aprili 2019, dishi la mita 64 la Parkes, Australia, likilenga Proxima Centauri, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2, lilinasa ishara nyembamba kwenye megahezi 982.002. Ilidumu saa kadhaa, ikiteleza, na kila dishi lilipogeuzwa haikuonekana. Ungesema ndiyo yenyewe! Wachambuzi waliporudi kupekua data wakakuta ndugu zake: ishara zenye mteleko kama wake, zimepangana kwa nafasi zinazolingana na masafa ya vile vidude vinavyotoa mapigo ya saa ndani ya vifaa vya kielektroniki. Masafa mawili yakichanganyika kifaani huzaa ya tatu. Baadhi ya ndugu hao walionekana hata dishi likitazama kando. Huyu mmoja alibahatika tu kupotea kwa wakati. Mwaka 2021 ikatangazwa kuwa ni kelele za hapa nyumbani.

(Parkes hiyo hiyo iliwahi kusumbuliwa miaka mingi na mipasuko ya redio isiyoeleweka. Mwaka 2015 ikagundulika ni oveni ya maikrowevu: mtu hazimi oveni kwanza, anavuta mlango chakula kikiwa bado kinapashwa.)

Ipo ishara nyingine, iliyonaswa na darubini ya redio ya Ohio, Marekani, Agosti 15, 1977. Hiyo bado haina maelezo yanayokubaliwa na wote. Ilidumu sekunde 72, muda ule ule ambao nukta moja ya anga hupita mbele ya antena iliyosimama, Dunia ikizunguka. Antena ilikuwa na vipokezi viwili, na ishara ikaonekana kwenye kimoja tu. Watu walirudi pale pale mara nyingi. Kimya.

Na eneo lililopekuliwa? Hesabu ya mwaka 2018 ililinganisha utafutaji wote wa redio na lita 7,700 zilizochotwa kutoka bahari zote za dunia. Samaki hujamwona, sawa, lakini umechota tangi moja.

Sisi nasi ni wageni wa ajabu. Novemba 16, 1974, darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilirusha ujumbe kuelekea kundi la nyota M13, safari ya miaka kama 25,000. Wakiwepo wa kuupokea, kwao utakuwa kama ile ya Ohio: sekunde 169, mara moja, basi.