Ukifuta maneno ya wimbo, futa yale madogo

Mwalimu wa Kiingereza akiamua kutumia wimbo darasani, mara nyingi hufanya hivi: anaandika mashairi, anafuta maneno kadhaa, anawasha wimbo, wanafunzi wanajaza nafasi. Sina ugomvi na zoezi lenyewe. Ugomvi wangu ni maneno yanayofutwa: love, heart, night. Hayo hata anayesinzia nyuma ya darasa anayasikia, maana mwimbaji ameyavuta na kuyapamba!

Mimi nafuta to, of, and, have. Hapo ndipo kelele zinapoanza: "Mwalimu, hajatamka chochote hapo!" Ametamka. Sisi tumezoea Kiswahili, ambacho kila silabi inapewa nafasi yake. Kwenye Kiingereza silabi yenye mkazo inatamba, nyingine zinabanwa ili zipite haraka. And inabaki "n" tu. Aliyejifunza kwa kitabu anasubiri neno zima lije, na haliji. Basi nawaambia wapige meza kwa kufuata mapigo, wasikilize ni maneno gani yanaangukia kwenye pigo na yapi yanadandia. Ulimi nao unanyooka: anayetamka walked kwa silabi mbili anaachwa nyuma na ala, anajirekebisha bila mimi kusema neno.

Wala si lazima uwe wimbo. Mwalimu wa Marekani, Carolyn Graham, alijulikana tangu miaka ya 1970 kwa jazz chants, yaani mazungumzo ya kawaida yanayosemwa kwa mdundo wa jazi. Hazihitaji spika wala sauti nzuri, jambo linalonifaa sana, kwani yangu ni ya kufukuzia kunguru.

Sarufi sifundishi kwa nyimbo. Waimbaji wanasema she don't, wanakanusha mara mbili, na wana ruhusa yao. Ila darasa lililokomaa nalipa ubeti wa namna hiyo lisahihishe, kisha liuimbe ulivyosahihishwa. Hauimbiki. Mizani inavunjika, wanacheka, na kosa wamelijua.

Kwa watoto wadogo, angalia wimbo wa alfabeti. L, M, N, O, P zinakimbizwa mpaka wengine wanadhani ni herufi moja ndefu. Nasimamisha hapo, naziandika ubaoni mbalimbali, tunazipita polepole nikigusa moja moja. Z nayo ina vituko vyake: kwa Wamarekani ni "zii", inaoana kwa vina na V, ukifundisha Kiingereza cha Uingereza unatamka "zed" na kina kinaanguka. Chagua moja, endelea.

Jambo jingine: msichoshane. Kiitikio peke yake kinatosha kipindi kizima, kwa sababu kinajirudia. Wimbo mzima siupigi mpaka waombe wenyewe, na wakiomba, madaftari yanafungwa.